Kama Yote Yametimia, Mbona Makaburi Bado Yamejaa?



Andiko la leo ni Mathayo 24. Soma sura yote, usiishie kwenye mstari mmoja. Kama uko kwenye matatu unaelekea kazini, hifadhi ujumbe huu uusome jioni ukiwa na Biblia mkononi. Leo ni mrefu kidogo, lakini jambo lenyewe si la kupitia juu juu.

Kuna video mbili zinazozunguka kwenye simu za watu wa kanisa letu hapa Muthangari. Nimetumiwa zote mbili, tena na watu zaidi ya mmoja.

Ya kwanza inasema mwisho umefika. Inataja vita, mafuriko, nzige, magonjwa na vitambulisho vipya, halafu inamalizia kwa kukuambia kwamba hakuna haja ya kupanga mwaka ujao.

Ya pili inasema kinyume kabisa. Inasema mwisho ulishapita. Kwamba kila neno alilotabiri Bwana Yesu katika Mathayo 24, na kila kitu alichoona Yohana katika Ufunuo, kilitimia mwaka wa 70 Yerusalemu ilipoanguka. Kurudi kwa Yesu kumeshatokea. Ufufuo umeshatokea. Hukumu imeshapita. Kilichobaki ni kuishi tu.

Mnaniuliza, "Mchungaji, ya kweli ni ipi?"

Nitakujibu waziwazi: zote mbili zinakuibia. Ya kwanza inakuibia kazi ya leo. Ya pili inakuibia tumaini la kesho. Kuna mambo yaliyotimia, na kuna mambo yaliyobaki. Mkristo aliyekomaa hakubali kunyang'anywa upande wowote.

Twende taratibu.

KWA NINI FUNDISHO HILI LINAVUTIA

Fundisho la "yote yametimia" si jipya. Wasomi huliita preterisimu. Mwaka 1878 mchungaji mmoja, James Stuart Russell, alichapisha kitabu kizima akitetea kwamba kurudi kwa Bwana kulitokea katika kizazi kile cha kwanza. Wengine wanaenda nusu ya njia tu: wanasema sehemu kubwa ya Mathayo 24 ilitimia mwaka wa 70, lakini Yesu bado atarudi na wafu bado watafufuka. Kumbuka tofauti hiyo, tutaihitaji. Wa nusu ya njia ni ndugu zetu tunaoweza kujadiliana nao juu ya chai. Wa njia nzima wamegusa msingi.

Lakini kwa nini lisikike sana sasa, hapa kwetu Kenya?

Ninaelewa. Aprili 2023 serikali ilianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Miili zaidi ya 400 ilitolewa ardhini. Wengi walikuwa watoto. Walionusurika walieleza kwamba watu waliambiwa wafunge bila kula wala kunywa mpaka wafe, ili wakakutane na Yesu kabla dunia haijaisha. Paul Mackenzie, aliyekuwa mhubiri wao, alifikishwa mahakamani na akakana mashtaka. Hukumu ya kesi tunaiachia mahakama. Lakini yale makaburi hayahitaji wakili. Sote tuliyaona.

Baada ya hapo watu wengi walichoka na maneno "siku za mwisho". Mama akisikia mahubiri ya Ufunuo anaangalia watoto wake. Kijana aliyesoma anaona aibu kuwaambia wenzake ofisini kwamba anamngoja Yesu kutoka mbinguni. Halafu anatokea mtu mwenye sauti tulivu na ramani nzuri za historia, anamwambia, "Pumzika, hayo yote yalishapita." Ni kama mtu aliyebeba gunia la viazi kutoka soko la Kangemi mpaka nyumbani, halafu anaambiwa alitue. Nani asingefurahi?

Mimi simlaumu aliyefurahi. Ninamwomba tu akague gunia kabla ya kulitupa, kwa maana ndani yake mna urithi wake.

WALICHOSEMA SAWASAWA

Tusiwe watu wa kukataa kila kitu kwa sababu tu hatukizoea. Hawa ndugu wana hoja, na hoja yao iko ndani ya Biblia.

Sura inaanza na wanafunzi wakimwonyesha Yesu majengo ya hekalu. Anawaambia kwamba mawe yale yote yatabomolewa, lisibaki hata moja limekaa juu ya lingine. Wanamuuliza lini. Na katika mstari wa 34 anawaambia kwamba kizazi hicho hakitapita kabla ya hayo kutokea.

Wapo wanaosema "kizazi" hapo maana yake ni taifa la Wayahudi, au ni kizazi fulani kitakachokuja mbele. Mimi nasoma neno kama lilivyo. Yesu alikuwa akiongea na watu waliokuwa wamekaa mbele yake kwenye Mlima wa Mizeituni.

Je, ilitokea? Ilitokea, tena kwa uchungu mkubwa. Mwaka wa 66 Wayahudi waliasi utawala wa Rumi. Gavana wa Shamu, Cestius Gallus, akaja na jeshi mpaka Yerusalemu, halafu akaondoka kwa namna iliyowashangaza watu. Mwaka wa 70 Warumi wakarudi chini ya Titus, mwana wa Kaisari Vespasian. Wakauzingira mji wakati umejaa watu wa sikukuu ya Pasaka. Njaa ikaingia. Mwezi wa Agosti hekalu likateketea. Josephus, Myahudi aliyekuwapo, aliyaandika hayo yote. Ukienda Rumi leo utakuta Tao la Titus limechongwa askari wakiwa wamebeba kinara cha taa cha hekalu kama nyara. Na Yerusalemu, chini ya ukuta wa magharibi wa mlima wa hekalu, mawe makubwa bado yamelala pale yalipoangushwa.

Kutoka siku Yesu alipotamka mpaka siku ile ni kama miaka 40. Kizazi kimoja.

Sasa angalia jambo ambalo wengi wetu hupita haraka. Katika mistari ya 16 mpaka 20 Yesu anawaambia walioko Uyahudi wakimbilie milimani. Aliye juu ya dari asishuke kuchukua vitu. Waombe isiwe wakati wa baridi wala siku ya sabato. Anawahurumia wenye mimba na wanaonyonyesha. Nikuulize, mpendwa: kama hapo anaongea juu ya mwisho wa dunia nzima, kukimbilia milimani kungemsaidia mtu nini? Anaongea juu ya vita halisi, katika mji halisi. Luka 21:20 inaweka wazi zaidi: dalili ni majeshi kuuzunguka Yerusalemu.

Eusebius, aliyeandika historia ya kanisa katika karne ya 4, anasimulia kwamba Wakristo wa Yerusalemu walitoka wakahamia Pella, ng'ambo ya Yordani, kabla mji haujaangamizwa.

Shika hilo moyoni. Yesu aliwapa watu wake unabii ili WAISHI. Aliwaambia wakimbie wasife. Unabii wake ulimfikiria mama mjamzito na mtoto wa kunyonya. Linganisha na Shakahola, ambako watu walipelekwa msituni ili wafe, na watoto wakatangulizwa. Hapo huhitaji shahada ya theolojia kujua ni sauti ya mchungaji ipi na ni ya mwizi ipi. Soma Yohana 10:10.

Kwa hiyo mtu akikuambia mwaka wa 70 ulitimiza unabii wa Yesu, usimkemee kama pepo. Sema "Amina." Kila jiwe lililoanguka ni ushahidi kwamba Bwana wetu hasemi maneno ya upepo. Na kama lile la hekalu lilitimia jiwe kwa jiwe, basi yale yaliyobaki nayo yatatimia.

HATA SISI WAPENTEKOSTE TUNASEMA "IMETIMIA"

Wengine wenu mnashtuka nikisema kuna unabii wa siku za mwisho uliokwisha kutimia. Msishtuke. Kanisa letu lina jina kwa sababu ya unabii wa namna hiyo.

Fungua Matendo 2. Roho ameshuka, watu wananena kwa lugha, wapita njia wanasema wamelewa. Petro anasimama na kuwafungulia nabii Yoeli, anawaambia kwamba hicho wanachokiona ndicho Yoeli alichokisema juu ya siku za mwisho. Petro hakusema "kitakuja baada ya miaka 2000". Alisema ndicho hiki.

Maana yake siku za mwisho zilianza siku ile ya Pentekoste. Tumekuwa ndani yake muda wote huu. Kwa hiyo mhubiri akikuambia kwa sauti ya kutisha, "Tumeingia siku za mwisho!", mwambie kwa upole kwamba tuliingia zamani, na mlango wa kuingilia ulikuwa upako, haukuwa hofu. Kila unaponena kwa lugha kwenye kesha la Ijumaa, unashuhudia kwamba Mungu ameanza kutimiza.

Lakini ameANZA. Roho aliyemwagwa anaitwa arabuni, malipo ya kwanza. Soma Waefeso 1:14. Aliyelipa kiasi cha kwanza cha ploti huko Kitengela hajajenga bado. Ana karatasi ya ahadi, na ahadi ni ya kweli, lakini akienda kulala huko leo atalala kwenye nyasi.

WANAPOVUKA MPAKA

Sasa tuje kwa wanaosema hakuna kilichobaki kabisa. Hapo siwezi kunyamaza. Nina sababu nne.

1. Ufufuo.

Katika 2 Timotheo 2:17-18 Paulo anawataja watu wawili kwa majina, Himenayo na Fileto. Kosa lao lilikuwa nini? Walisema ufufuo umeshapita. Paulo anasema mafundisho yao yanakula kama donda ndugu, na yamepindua imani ya watu.

Watetezi wa fundisho hili hujibu kwamba Paulo aliandika kabla ya mwaka wa 70, hivyo kosa la Himenayo lilikuwa la tarehe tu. Lifikirie jibu hilo. Himenayo aliwezaje kuwashawishi watu kwamba ufufuo umepita, wakati makaburi yao yalikuwa hapo hapo mjini na hayajafunguka? Lazima alikuwa ameshabadilisha maana ya ufufuo, akaufanya jambo la rohoni lisiloonekana. Na hivyo ndivyo hasa wanavyofanya hawa wa leo.

Paulo hakuruhusu hilo. Katika 1 Wakorintho 15 ameufunga ufufuo wetu kwenye ufufuo wa Yesu kama gari na trela yake. Kaburi la Yesu lilikuwa tupu. Alikula samaki. Tomaso aliambiwa aguse makovu. Kama wa kwanza alifufuka na mwili, sisi tunaofuata tutafufuka kivuli?

Ndugu yangu, mimi ndiye ninayeitwa kukiwa na msiba. Nimesimama Lang'ata, nimesafiri na familia usiku kucha kwenda kuzika kijijini. Udongo unapoanza kugonga jeneza, mjane ananiangalia usoni. Anataka kujua jambo moja tu: nitamwona tena? Mhubiri wa "yote yametimia" anayo nini ya kumwambia? Kwamba mume wake alishafufuka kwa namna isiyoonekana, na kaburi hili litabaki limefungwa milele? Hiyo si habari njema. 1 Wakorintho 15:26 inasema adui wa mwisho kuharibiwa ni mauti. Mauti bado inatembea Nairobi. Maadamu makaburi yamejaa, bado kuna unabii mfukoni mwa Mungu.

2. Kurudi kwake.

Matendo 1:11 malaika wanawaambia mitume kwamba Yesu huyo huyo atakuja kwa jinsi ile ile walivyomwona akienda. Walimwona kwa macho, akiwa na mwili, akipaa. Majeshi ya Titus hayakuja namna hiyo.

Ninakubali kuna sehemu ngumu. Mathayo 24:29-31 inasema juu ya jua kutiwa giza na Mwana wa Adamu kuja mawinguni, na iko kabla ya ule mstari wa "kizazi hiki". Wengine wanakumbusha kwamba manabii walitumia lugha hiyo kwa kuanguka kwa miji: Isaya 13:10 juu ya Babeli, Isaya 19:1 Mungu akipanda wingu kwenda Misri. Inawezekana. Wengine wanaona kwamba hapo Yesu anatazama mbali zaidi ya mwaka wa 70. Ndugu wa kweli wametofautiana hapo kwa karne nyingi, na sitamfukuza mtu kanisani kwa hilo. Lakini ukifika mstari wa 36 Yesu anageuka. Mpaka hapo alikuwa akisema "haya yote" na kuwapa dalili. Sasa anasema juu ya "siku ile", ambayo hata malaika hawaijui. Kwa kuanguka kwa mji aliwapa dalili ya majeshi. Kwa siku ile hakutoa dalili ya tarehe, alitoa agizo la kukesha.

3. Meza ya Bwana na karama.

1 Wakorintho 11:26 inasema tukila mkate na kunywa kikombe tunatangaza mauti ya Bwana mpaka atakapokuja. Kama alikuja mwaka wa 70, kikombe tunachoshiriki kila mwezi ni cha nini? Na 1 Wakorintho 13:8-10 inasema lugha zitakoma ikija ile iliyo kamili. Kama iliyo kamili ilishakuja, basi Roho aliyekujaza ulipookoka alikuwa nani? Usikubali mtu akufundishe kitu kinachofuta ushuhuda wako wote halafu akuambie amekupa uhuru.

4. Machozi.

Ufunuo 21:4 inaahidi mahali ambapo hakuna kifo, kilio wala maumivu. Simama kituo cha Kangemi saa kumi na mbili asubuhi. Angalia wanaume wanaotembea kwa miguu kwenda kutafuta kibarua kwa sababu nauli haipo. Pita hospitali yoyote ya umma. Ukiniambia mbingu mpya na nchi mpya zilishafika, umenipa mbingu ndogo mno.

NA WALE WA TAREHE?

Sasa nigeukie video ya kwanza, maana wengine mmeanza kutabasamu mkidhani imeshinda. Haijashinda.

Tarehe 22 Oktoba 1844 maelfu ya watu Marekani walimngoja Yesu, wakifuata hesabu za William Miller. Kukakucha. Majirani zetu wanaobisha hodi na magazeti walifundishwa kwamba mwaka 1914 ulikuwa mwanzo wa kuwapo kwake kusikoonekana. Uganda, kundi la Joseph Kibwetere na Credonia Mwerinde lilingoja mwisho tarehe 31 Desemba 1999. Haukuja. Tarehe 17 Machi 2000 kanisa lao la Kanungu liliteketea na mamia ya watu ndani. Mwaka 2006 mhubiri wa Texas, Yisrayl Hawkins, alitangaza kwamba vita vya nyuklia vingeanza tarehe 12 Septemba, na hapa hapa Kenya wapo waliojichimbia mahandaki wakajificha. Tarehe 13 jua lilichomoza kama kawaida.

Mnakumbuka mwaka 2019? Serikali ilianza kuandikisha Huduma Namba, na Wakristo wakagawanyika kama Bahari ya Shamu. Wapo waliokataa kata kata, wakisema ni 666. Kulikuwa na maswali halali ya kisheria juu ya usalama wa taarifa za watu, na mwaka 2021 Mahakama Kuu iliamua kwamba utoaji wa kadi zile haukufuata sheria. Lakini kuna tofauti kati ya swali la raia na hofu ya mnyama.

Hapo ndipo wale wa mwaka wa 70 wanaweza kutusaidia kidogo. Ufunuo 13:18 inawaambia wasomaji wahesabu namba ya mnyama. Yohana aliandikia makanisa saba halisi huko Asia. Lazima kulikuwa na kitu ambacho wao wangeweza kuhesabu. Zamani herufi zilitumika kama tarakimu. Ukiandika "Neron Kaisari" kwa herufi za Kiebrania na kujumlisha, unapata 666. Nakala chache za kale zina 616, na jina hilo likiandikwa kwa matamshi ya Kilatini linatoa 616. Wasomi wengi wanaona mkono wa Nero hapo, yule aliyewatesa Wakristo wa Rumi.

Je, hiyo inamaanisha hakuna mpinga-Kristo anayekuja? Hapana. 1 Yohana 2:18 inasema anakuja, na tayari wapo wengi. Lakini inamaanisha kwamba alama ya mnyama ni suala la nani unamwabudu kabla ya kuwa suala la kadi iliyo mfukoni. Mtu anaweza kukataa kila kitambulisho cha serikali na bado akapiga magoti mbele ya pesa kila siku.

MAKOSA MAWILI, KANISA MOJA

Jambo hili lilinishangaza nilipoliona. Kanisa la Thesalonike lilikuwa na video zote mbili.

2 Wathesalonike 2:1-2: wapo waliokuwa wakiwaambia kwamba siku ya Bwana imeshafika. Sura ya 3:10-12: wapo walioacha kufanya kazi, wakawa wanazurura na kujishughulisha na mambo ya wengine. Kanisa moja, barua moja.

Paulo aliwajibuje? Hakuwapa kalenda. Aliwaambia wasifadhaike, wasidanganywe, na kila mtu afanye kazi kwa utulivu ale chakula chake mwenyewe. Na bado, katika barua ya kwanza 4:16-18, aliwaambia Bwana atashuka, waliokufa katika Kristo watafufuka kwanza, nasi tutanyakuliwa pamoja nao. Na maneno hayo wayatumie kufarijiana. Kufarijiana, hakusema kutishana.

Hilo ndilo ninaloamini, na ndilo tunalohubiri. Unyakuo ni faraja ya waliofiwa. Si fimbo ya kuchapa watu wa Mungu, wala si sababu ya kumtoa mtoto shuleni.

UFANYE NINI SASA?

Ukitumiwa fundisho lolote la siku za mwisho, kabla hujalisambaza kwa kikundi cha kina mama au cha vijana, liulize maswali matatu:

Linaniachia Yesu anayerudi mwenyewe, na wafu wanaofufuka? Kama halina hayo, acha.

Linanipa tarehe, au siri ambayo mtu mmoja tu ndiye aliyefunuliwa? Kama linatoa, acha. Matendo 1:7.

Likiisha, linanituma wapi? Kama linanituma kazini, kwa mgonjwa, kwa jirani, kwenye magoti, na kwenye karo ya watoto, lisikilize. Kama linanitenga na mke wangu, watoto wangu, daktari na ndugu zangu, kimbia. Hapo ndipo pa kukimbilia milimani!

Na kama kuna mtu nyumbani kwako ameanza kufunga kwa namna inayokutisha, ameacha dawa zake za presha au za sukari kwa sababu "Bwana yuko mlangoni", ameuza vitu au anazungumzia kuhama na watoto kwenda mahali pa siri, usingoje Jumapili. Nipigie, piga ripoti polisi, mwambie ndugu yake. Kumtetea mtoto si kukosa imani. Baada ya Shakahola hakuna anayeweza kusema hakujua.

Kwa kijana aliyetulizwa na ile video ya pili: ninajua umechoka kutishwa. Haki yako. Lakini usimwache Yesu anayerudi kwa sababu ya watu waliotumia jina lake vibaya. Dawa ya ahadi iliyopotoshwa ni ahadi iliyonyooka. Panda mti wako. Maliza kozi yako. Oa, zaa, lipa kodi ya nyumba, jenga. Na ukilala, lala ukijua kwamba yule ambaye hekalu lilianguka kama alivyosema, amesema pia kwamba makaburi yatafunguka.

TUOMBE

Baba, katika jina la Yesu, tunakushukuru kwa sababu neno lako limetimia na litatimia. Waponye wote waliojeruhiwa na mahubiri ya hofu. Zikumbuke familia za Shakahola, na za Kanungu. Wafariji walio na kaburi bichi leo. Tupe macho ya kutofautisha kilichotimia na kilichobaki, mikono ya kufanya kazi, na moyo wa kukungoja bila kutetemeka. Njoo, Bwana Yesu. Amina.

Kama umebarikiwa, andika AMINA, kisha mtumie mtu mmoja aliyechanganyikiwa na zile video. Kama una swali, liandike hapa chini, hata kama hukubaliani nami. Jumatano kwenye ibada ya jioni tutafungua Mathayo 24 mstari kwa mstari. Njoo na Biblia yako, si simu peke yake.

Neema ya Bwana iwe nawe.

Mchungaji wako